Norman Cousins: Mhariri Aliyebeba Ujumbe wa Papa hadi Kremlin

Tarehe 11 Oktoba 1962, Papa Yohane XXIII alifungua Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Maaskofu zaidi ya 2,000 walikusanyika Roma, akiwemo Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kuvikwa kofia ya ukardinali. Siku kumi na moja tu baadaye, tarehe 22 Oktoba, Rais John Kennedy wa Marekani alitangaza kwamba Umoja wa Kisovyeti ulikuwa unaweka makombora ya nyuklia katika kisiwa cha Cuba, na kwamba manowari za Marekani zingezuia meli zenye silaha kufika huko. Kwa siku kadhaa watu walilala bila kujua kama kutakucha.

Wiki hiyohiyo, katika mji mdogo wa Andover nchini Marekani, kulikuwa na mkutano wa raia wa kawaida wa Marekani na wa Umoja wa Kisovyeti: wanasayansi, waandishi na wasomi wa fani mbalimbali. Warusi waliulizwa kama wangependa kurudi kwao. Waliamua kubaki na kuendelea kuzungumza. Aliyekuwa nyuma ya mkutano huo alikuwa mhariri wa gazeti, mtu ambaye hakuwa mwanasiasa, wala mwanasayansi, wala Mkatoliki. Jina lake Norman Cousins.

Alizaliwa tarehe 24 Juni 1915 katika jimbo la New Jersey, katika familia ya Kiyahudi. Alipokuwa na umri wa miaka 11, madaktari walisema ana kifua kikuu, wakampeleka katika hospitali ya wagonjwa hao. Baadaye ilibainika kwamba walikosea. Lakini kule wodini mtoto huyo aliona jambo ambalo hakulisahau: wagonjwa waliokata tamaa walidhoofika upesi, na wale waliotumaini kupona walishikamana, wakasaidiana. Maisha yake yote aliamini kwamba kukata tamaa ni ugonjwa juu ya ugonjwa.

Alisoma katika Chuo cha Ualimu cha Columbia, New York, kisha akaingia katika uandishi wa habari. Mwaka 1942, akiwa bado kijana wa miaka 27, akawa mhariri mkuu wa Saturday Review, gazeti lililohusu zaidi vitabu na fasihi. Chini yake lilikua kutoka wasomaji wachache hadi mamia ya maelfu.

Tarehe 6 Agosti 1945 habari za bomu la Hiroshima zilipofika, Cousins aliketi usiku uleule akaandika makala ndefu. Hoja yake ilikuwa kwamba binadamu amepata nguvu iliyozidi busara yake, na kwamba tangu siku ile vita vya zamani na fikra za zamani vimepitwa na wakati. Makala hiyo ilisomwa sana na baadaye ikatolewa kama kitabu. Wengine wangetosheka hapo. Yeye alifunga safari hadi Hiroshima.

Huko aliwakuta watoto yatima. Akawaomba wasomaji wake wawe wazazi wa mbali: kila familia imtunze yatima mmoja kwa fedha na barua. Mamia ya watoto walipata msaada kwa njia hiyo. Kisha mchungaji wa Kimethodisti wa Hiroshima, Kiyoshi Tanimoto, akamweleza habari za wasichana walioungua nyuso na mikono, ambao walijificha majumbani kwa aibu. Jambo hilo halikuweza kufanywa na mhariri peke yake. Alihitaji madaktari, nao walipatikana: wapasuaji wa Hospitali ya Mount Sinai, New York, walikubali kufanya kazi bila malipo. Alihitaji mahali pa kuwalaza wagonjwa baina ya upasuaji mmoja na mwingine, na familia za Waquaker zikafungua milango yao. Mwaka 1955 wanawake 25 walisafiri hadi New York, wakafanyiwa upasuaji zaidi ya mara 100. Mmoja wao alifariki akiwa chini ya dawa ya usingizi, na hilo liliwaumiza wote. Waliosalia walirudi wakiweza kukunja vidole, kula vizuri na kutazama watu usoni. Mmoja alipokewa na Cousins kama binti yake. Miaka michache baadaye alisaidia vilevile wanawake zaidi ya 30 wa Poland, ambao madaktari wa Hitler waliwatumia kwa majaribio ya kikatili katika kambi ya Ravensbrück.

Hata hivyo Cousins aliona kwamba anatibu majeraha ya bomu moja wakati mataifa yanatengeneza mabomu mengine maelfu. Katika miaka ya 1950 Marekani, Umoja wa Kisovyeti na Uingereza zililipua mabomu hewani kwa majaribio. Vumbi lenye mionzi lilipeperushwa na upepo, likanyesha na mvua, likaota na majani, likaliwa na ng'ombe, na mwisho likaingia katika maziwa ya watoto wa nchi ambazo hazikuwa hata na ugomvi. Wanasayansi walijua. Tatizo ni kwamba walizungumza kwa lugha ya maabara, na watu wa kawaida hawakuwaelewa.

Mapema mwaka 1957 Cousins alikwenda Gabon, katika hospitali ya Lambaréné kando ya mto Ogooué. Alimfuata Albert Schweitzer, mzee aliyekuwa mwanateolojia, mpiga kinanda na daktari kwa wakati mmoja. Schweitzer hakupenda kuingilia siasa. Cousins alimsihi atumie sauti yake, kwa kuwa ndiye mtu ambaye dunia ingemsikiliza. Mzee alikubali. Tarehe 23 Aprili 1957 ujumbe wake dhidi ya majaribio ya nyuklia ulisomwa katika redio ya Oslo na kurushwa katika nchi nyingi. Mwaka huohuo Cousins na wenzake walianzisha chama cha raia cha kupinga majaribio hayo, kilichowaunganisha wanasayansi, viongozi wa dini, waandishi na madaktari. Tangu mwaka 1960 alisaidia pia kuandaa mikutano ya raia wa Marekani na wa Kisovyeti, na ule wa Andover ulikuwa mmojawapo.

Andover alikuwepo pia Padre Felix Morlion, Mdominikani kutoka Ubelgiji aliyefanya kazi ya elimu huko Roma. Mgogoro ulipopamba moto, aliwauliza wajumbe kama ombi la Baba Mtakatifu lingepokelewa na pande zote mbili. Simu zilipigwa Washington, Moscow na Vatikano. Tarehe 25 Oktoba Papa Yohane XXIII alizungumza redioni kwa Kifaransa, akiwasihi watawala wasikie kilio cha watu wanaotaka amani na waendelee kuzungumza. Kesho yake, gazeti la chama cha Kikomunisti la Moscow, ambalo kwa kawaida halikuwa na neno jema kwa Kanisa, lilichapisha habari ya ombi hilo katika ukurasa wa kwanza. Tarehe 28 makombora yalianza kuamriwa kuondolewa. Si sahihi kusema kwamba Papa peke yake aliizuia vita. Lakini kiongozi wa Kisovyeti, Nikita Khrushchev, alipata njia ya kurudi nyuma akiwa mtu aliyesikiliza sauti ya amani na si mtu aliyeshindwa.

Mlango ulikuwa umefunguka kidogo. Nani angepita? Kennedy alikuwa Rais Mkatoliki wa kwanza wa nchi yake, na maadui zake walikuwa wakimwangalia wamwone akipokea amri kutoka Roma. Vatikano na Moscow hazikuwa na uhusiano wa kibalozi. Akatumwa mhariri, asiye na cheo chochote serikalini. Tarehe 13 Desemba 1962 Cousins aliketi na Khrushchev katika Kremlin kwa zaidi ya saa tatu. Alipeleka salamu za Papa, pamoja na hakikisho la Kennedy kwamba alitaka kweli mkataba wa kusitisha majaribio. Akaomba pia jambo moja: Askofu Mkuu Josyf Slipyj wa Lviv, mkuu wa Kanisa Katoliki la Ukraine lenye mapokeo ya Mashariki, aliyekamatwa mwaka 1945, aachiliwe huru. Khrushchev hakuahidi, ila hakukataa. Wiki chache baadaye, mapema mwaka 1963, mzee huyo aliyekaa kifungoni karibu miaka 18 alifika Roma akiwa huru, akapokelewa na Papa.

Papa mwenyewe wakati huo alikuwa mgonjwa wa saratani ya tumbo na alijua siku zake zimebaki chache. Tarehe 11 Aprili 1963, Alhamisi Kuu, alitoa waraka wake Pacem in Terris, yaani Amani Duniani, akiuelekeza kwa watu wote wenye mapenzi mema na si kwa Wakatoliki peke yao. Kesho yake Cousins alikuwa kando ya Bahari Nyeusi, katika nyumba ya mapumziko ya Khrushchev, pamoja na binti zake wawili.

Safari hiyo ilikuwa ngumu kuliko ile ya kwanza. Mazungumzo ya mkataba yalikuwa yamekwama kwenye hesabu. Khrushchev aliamini kwamba Wamarekani wangeridhika na ukaguzi mara tatu kwa mwaka, na akawashawishi wenzake wakubali. Kumbe Wamarekani walidai zaidi. Alijiona amedanganywa. Cousins alimweleza, kwa niaba ya Kennedy, kwamba haikuwa hila bali kutoelewana. Khrushchev alikubali maelezo hayo, lakini akasema hatua inayofuata ni ya Rais. Cousins alirudi Washington na kumshauri Kennedy atoe hotuba ambayo ingewatazama Warusi kama binadamu. Papa Yohane alifariki tarehe 3 Juni. Tarehe 10 Juni Kennedy alitoa hotuba hiyo katika chuo kikuu kimoja mjini Washington, na tarehe 5 Agosti 1963 mkataba ukatiwa sahihi Moscow.

Kazi haikuishia hapo. Baraza la Seneti lilipaswa kuuridhia, na wengi walikuwa na mashaka. Cousins alisaidia kuunda kamati ya raia iliyowakusanya wafanyabiashara, wanasayansi, viongozi wa vyama vya wafanyakazi na viongozi wa dini. Tarehe 24 Septemba maseneta 80 waliukubali na 19 wakaukataa.

Mkataba huo haukuwa kamili. Ulikataza majaribio hewani, angani na chini ya maji, ukaacha yale ya chini ya ardhi. Haukupunguza bomu hata moja. Lakini vumbi la mionzi katika hewa lilipungua, na maziwa ya watoto yakawa salama zaidi.

Cousins mwenyewe aliugua vibaya mwaka 1964. Alijitibu akishirikiana na daktari wake, na pia kwa kutazama filamu za kuchekesha, akaandika kitabu kuhusu jambo hilo. Uzeeni alifundisha katika kitivo cha udaktari huko Los Angeles, ambako alifariki tarehe 30 Novemba 1990.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Papa alikuwa na sauti lakini hakuwa na wa kumpeleka ujumbe. Mhariri alikuwa na miguu na kalamu, lakini hakujua upasuaji wala fizikia. Padre Morlion hakuwa na cheo kikubwa; alichofanya ni kuuliza swali sahihi kwa watu sahihi. Jandokasisi anayesoma falsafa leo anaweza kujiuliza anamfahamu nani katika fani nyingine: mwalimu, muuguzi, mhandisi, mtangazaji wa redio. Mparokia naye ajiulize ni nani asiye wa imani yake ambaye anaweza kufanya naye jambo jema bila kwanza kumgeuza.

Duniani bado kuna silaha za nyuklia zaidi ya 12,000. Papa Fransisko, alipokuwa Hiroshima mwezi Novemba 2019, alifundisha kwamba hata kuzimiliki tu ni kinyume cha maadili. Makombora hayo yako mbali na parokia zetu, lakini upepo hauna mipaka, kama wazazi wa miaka ya 1950 walivyokuja kutambua. Tuwaombee wanaobeba ujumbe wa amani kati ya wasiosemezana, na tusiogope, zamu yetu ikifika, kuubeba.