Gary Kildall: Mtaalamu aliyetenganisha programu na mashine

JINA la Gary Kildall hutajwa sana kwa sababu ya biashara aliyoikosa mwaka wa 1980, wakati kampuni ya IBM ilipotafuta mfumo wa kuendeshea tarakilishi yake ndogo, na kazi hiyo hatimaye ikaenda kwa Microsoft. Masimulizi ya kisa hicho hayalingani, na yameifunika kazi kubwa zaidi ya marehemu.

Kildall alizaliwa Mei 19, 1942 mjini Seattle, Marekani, katika familia iliyomiliki shule ya ubaharia. Baada ya masomo katika Chuo Kikuu cha Washington, alikuwa mhadhiri katika chuo cha uzamili cha jeshi la wanamaji mjini Monterey, California. Mwaka wa 1973 aliiundia kampuni ya Intel lugha ya programu ya PL/M.

Kilichomsumbua ni diski. Alikuwa amepata kiendeshi kikuukuu cha kampuni ya Shugart, lakini hakikuwa na kidhibiti, yaani saketi ya kukiunganisha na tarakilishi. Alijaribu kuunda chake, akashindwa. Mwaka wa 1974 John Torode, rafiki yake wa tangu chuoni, alimjengea kidhibiti hicho na mfumo wa CP/M ukaanza kufanya kazi.

Ufanisi huo ulizaa mzigo mpya. Kila kampuni ilikuwa na kidhibiti cha namna yake, na maelezo ya kiufundi yaliyoandamana nacho aghalabu yalisema nusu ya jambo. Diski ya inchi 8 iliyotumika sana wakati huo ilikuwa na mizingo 77, kila mmoja ukigawanywa vipande 26 vya baiti 128. Mizingo ilihesabiwa kuanzia 0, lakini vipande vilihesabiwa kuanzia 1. Mwandishi wa programu aliyekosea hapo angeandika juu ya kipande cha jirani na kuharibu faili ya mtu, nayo mashine isilalamike.

Vilevile, maelezo yakisema kwamba kichwa cha kusomea kimefika, je, kimefika na kutulia, au kimefika na bado kinatikisika? Swali kama hilo halijibiwi kwa kuyarudia maneno yaliyoandikwa, bali kwa kukijaribu kifaa chenyewe.

Mwaka wa 1976 kampuni ya IMSAI ilipotaka CP/M kwa ajili ya diski zake, Kildall alikuwa amechoka kuuandika upya mfumo wake kwa kila kidhibiti. Akishirikiana na Glenn Ewing, aliyekuwa mshauri wa IMSAI, aliitenga sehemu yote iliyogusa maunzi, akaiita BIOS. Sehemu hiyo ilipokea amri chache tu: peleka kichwa kwenye mzingo fulani, chagua kipande, soma, andika. Kusoma au kuandika kukifaulu ilijibu 0, kukiharibika, 1.

Sehemu nyingine za CP/M hazikuguswa. Mwenye kuunda mashine ndiye aliyeandika BIOS yake, na utata wa maelezo yake ukamrudia mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kifaa hicho mezani. Pengine ulikuwa uamuzi wa mtu aliyechoka kuliko wa mtu aliyeona mbali, lakini kutokana nao kampuni ya Digital Research, aliyoianzisha na mkewe Dorothy, iliweza kuuza CP/M kwa mashine ambazo Kildall hakuwahi kuzitia machoni.

Hata tarakilishi ya IBM iliyotoka Agosti 1981 ilikuwa na sehemu iliyoitwa BIOS. CP/M ya mashine hiyo ilipokuja kuuzwa ilitozwa dola 240, ilhali mfumo wa Microsoft uliuzwa kwa dola 40. Wanunuzi hawakuhitaji kufikiri sana.

Digital Research ilinunuliwa na kampuni ya Novell mwaka wa 1991. Kildall alifariki Julai 11, 1994 mjini Monterey, siku tatu baada ya kujeruhiwa kichwani, akiwa na umri wa miaka 52. Mnamo 2014 bamba la kumkumbuka liliwekwa katika mji wa Pacific Grove, mbele ya jengo lililokuwa makao ya kampuni yake.