Mwalimu Nyerere na Kiharusi cha Siku za Mwisho

Na Mwandishi Wetu, Pemba

Kila ifikapo tarehe 14 Oktoba, Watanzania humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Hapa Pemba hutajwa zaidi kwa Hati za Muungano alizotia saini pamoja na Mzee Abeid Amani Karume mwaka 1964. Maradhi yaliyomwondoa hutajwa kwa nadra.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma Makerere na Edinburgh, akaiongoza TANU tangu mwaka 1954 hadi Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961. Mwaka 1985 aling'atuka Urais kwa hiari, jambo adimu barani Afrika wakati huo. Hata hivyo hakupumzika; uzeeni alisuluhisha mgogoro wa Burundi katika mazungumzo ya Arusha.

Mwaka 1999, akiwa na umri wa miaka 77, alilazwa Hospitali ya St Thomas', London, akitibiwa saratani ya damu. Akiwa huko alipatwa na kiharusi kikubwa.

Katika kiharusi cha aina hiyo, sehemu kubwa ya ubongo hukosa damu, hufa, kisha huvimba. Uvimbe huo kwa kawaida hufikia kilele kati ya siku ya pili na ya tano. Fuvu halitanuki, hivyo ubongo hugandamiza shina lake, ambalo ndilo linaloendesha pumzi. Walio katika hatari zaidi ni wale ambao eneo lililodhurika ni pana, wenye shinikizo la damu la muda mrefu, wenye moyo dhaifu, na wanaotapika au kupungukiwa fahamu mapema. La kushangaza, vijana huathirika zaidi kwa uvimbe huo kuliko wazee, kwa kuwa ubongo wa mzee umesinyaa na una nafasi ya kuvimbia.

Kwa hiyo mgonjwa aliyelazwa Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee, Mkoani, akaonekana ana nafuu siku ya kwanza, bado hajavuka. Wapo jamaa wanaomrejesha nyumbani siku ya pili ili atibiwe upepo mbaya, na hizo ndizo siku anazohitaji zaidi kuwa chini ya uangalizi wa daktari.

Rais Benjamin William Mkapa alilitangazia taifa msiba tarehe 14 Oktoba 1999. Mwalimu alizikwa Butiama tarehe 23 ya mwezi huo.