Mtakatifu Yosefina Bakhita, Mtoto Aliyeuzwa

Ndugu wakatekumeni, kila tarehe 8 Februari Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yosefina Bakhita. Naye alikuwa mkatekumeni kama ninyi. Lakini kabla ya kuufikia ubatizo alipita njia ya mateso makuu. Sikilizeni habari zake.

Alizaliwa yapata mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, nchi ya Darfur, huko Sudan. Dada yake mkubwa aliibwa na wafanya biashara ya watumwa. Baada ya miaka michache, msiba huo ukampata yeye pia. Alikuwa akitembea na rafiki yake karibu na mashamba, wakatokea wageni wawili. Mmoja alimwomba kwa upole amletee mzigo alioacha msituni. Mtoto, kwa kuwa alizoea kuwatii wakubwa, akaenda. Huko akakamatwa, akaonyeshwa kisu, akaamriwa kunyamaza. Kwa hofu alilisahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Jina la Bakhita, maana yake mwenye bahati, alipewa na wezi hao.

Mara moja alitoroka pamoja na msichana mwenzake. Njiani mtu mmoja akawaahidi kuwarudisha kwa wazazi wao. Kumbe aliwafunga minyororo katika zizi la kondoo, kisha akawauza. Katika mji wa El Obeid, nyumbani mwa jemadari Mturuki, Bakhita alichanjwa mwili kwa wembe, na vidonda vikasuguliwa chumvi. Makovu 114 hayakumtoka mpaka kufa.

Mwaka 1883, mjini Khartoum, alinunuliwa na Callisto Legnani, konsuli wa Italia, ambaye hakumtesa. Mwaka 1885 alifika Italia, akapewa jamaa ya Michieli, akawa yaya wa mtoto wao. Mwaka 1888 mama wa mtoto huyo, akiwa safarini kwenda Sudan, aliwaacha wote wawili kwa Masista Wakanosa mjini Venezia, katika nyumba ya wakatekumeni. Hapo Bakhita akaanza kumjua Mungu.

Bibi huyo aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa kwa heshima. Bibi akashikilia kwamba ni mali yake. Masista wakalipeleka shauri kwa Patriarka wa Venezia, nalo likafika kwa mwanasheria wa mfalme. Tarehe 29 Novemba 1889 uamuzi ukatolewa: sheria ya Italia haiutambui utumwa, basi Bakhita ni mtu huru, na aende apendapo.

Liangalieni vema neno hili. Sheria haikumpa Bakhita uhuru mpya, bali ilikiri kwamba mtu hawezi kuwa mali ya mtu, hata akiuzwa mara ngapi.

Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890. Mwaka 1896 aliweka nadhiri za kitawa. Kwa miaka mingi alitumika mjini Schio, jikoni na mlangoni, akafa hapo tarehe 8 Februari 1947. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Bakhita aliwasamehe wote waliomtesa. Lakini kusamehe si kuficha uovu. Wezi wake hawakusimamishwa mbele ya hakimu. Kwa hiyo waliweza kuiba watoto wengine. Ndiyo sababu sheria lazima itende mambo mawili: imlinde mtoto na imwadhibu muuzaji. Mwezi Novemba mwaka ule ule wa 2000, Umoja wa Mataifa ulikubali mapatano juu ya jambo hili. Kwa mapatano hayo, mtu akimchukua mtoto aliye chini ya miaka 18 ili amtumikishe kwa faida yake, ni mwenye hatia, hata kama hakutumia nguvu, na hata kama mtoto mwenyewe alikubali. Na hapa Kongo, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto na kumwadhibu anayemuuza.

Basi, mgeni akija kijijini na maneno matamu, akiahidi shule au kazi ya mjini kwa mwanao, ukumbuke mzigo ule wa msituni. Uulize anakwenda wapi, kwa nani, na kwa kazi gani. Ukiona hila, usinyamaze kwa haya wala kwa zawadi: mpashe habari mkuu wa kijiji, nenda kwa polisi na kwa hakimu. Mtakatifu Yosefina Bakhita, utuombee.