Mfano wa Wasifu: Mwalimu Daniel Kirkwood (1814–1895)

Daniel Kirkwood alizaliwa tarehe 27 Septemba 1814 katika jimbo la Maryland, Marekani. Alianza ualimu mwaka 1833 akiwa bado hajui aljebra. Mwanafunzi wake mmoja alipotaka kuisoma, Kirkwood hakuona haya. Walichukua kitabu, wakajifunza pamoja. Baadaye alikuwa mkuu wa shule, na mwaka 1856 akawa profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Indiana.

Kazi iliyompa jina ilihusu asteroidi, yaani miamba inayolizunguka Jua, mingi ikiwa kati ya Mirihi na Mshtarii. Alipozipanga kwa umbali wake kutoka kwenye Jua, aliona nafasi tupu. Hiyo ilikuwa mwaka 1857, wakati asteroidi zilizojulikana zilikuwa chache mno. Nafasi hizo zingeweza kuwa bahati tu. Alisubiri. Mwaka 1866, zilipokuwa zimeongezeka lakini hazijafika 100, nafasi zilikuwa bado tupu. Ndipo akatangaza.

Sababu yake ni hii. Fikiria wakimbiaji wawili katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Wa ndani humaliza raundi mbili kila wa nje anapomaliza moja. Wakianza pamoja, wa ndani atampita mwenzake mahali palepale kila mara. Kama wa nje humvuta kidogo kila wanapopitana, mwishowe wa ndani atatoka kwenye mstari wake. Mshtarii hulizunguka Jua kwa miaka 11.9 hivi. Asteroidi inayotumia nusu ya muda huo, au theluthi yake, huvutwa kwa mpangilio unaojirudia, na obiti yake huvurugika. Hali hiyo huitwa rezonansi. Hata hivyo, si kila rezonansi huvuruga: asteroidi za kundi la Hilda huzunguka mara 3 Mshtarii inapozunguka mara 2, nazo zimedumu.

Kirkwood alitumia hoja hiyohiyo kueleza pengo kubwa katika pete za Zohali. Kanuni yake ya mwaka 1849 kuhusu sayari zinavyojizungusha, iliyomletea sifa mwanzoni, ilikuja kukataliwa. Alifariki tarehe 11 Juni 1895 huko Riverside, California. Nafasi alizoziona huitwa Mapengo ya Kirkwood hadi leo.

Mtahiniwa, zingatia: katika jedwali la takwimu, mahali pasipo na kitu nako kuna swali la kujibu.