Mtoto wa Mwizi si Mwizi

Wazee wetu wana methali isemayo kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Wanayo na nyingine, kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hizi mbili haziwezi kukaa nyumba moja bila ya kugombana, na mtu mmoja wa Bara Hindi aliutia ugomvi huo katika sinema, ukatazamwa na mamilioni ya watu. Mtu huyo ni Khwaja Ahmad Abbas. Jina lake si wengi walijuao, ingawa kazi yake wazee wetu wengi waliiona kwa macho yao.

Abbas alizaliwa tarehe 7 Juni 1914 mjini Panipat, katika ukoo wa mshairi mashuhuri wa Kiurdu, Altaf Husain Hali. Alisoma Aligarh, akahitimu hata katika sheria. Lakini mwaka 1935, badala ya kuvaa joho la wakili, alikwenda Bombay, mji ambao leo huitwa Mumbai, akawa mwandishi wa gazeti la Bombay Chronicle. Huko alianzisha makala yake ya kila juma, Ukurasa wa Mwisho. Baadaye aliyahamishia katika gazeti la Blitz, wala hakuyaacha hata alipokufa, zaidi ya miaka hamsini.

Gazetini alikuwa pia mkosoaji wa picha za sinema. Lakini mwenye kuukosoa mchuzi hapana budi siku moja aingie jikoni. Mwaka 1941 kampuni ya Bombay Talkies ilitoa Naya Sansar, yaani Dunia Mpya, picha aliyoitunga yeye, nayo ilihusu watu wa magazeti. Njaa kuu ya Bengal ya mwaka 1943 ilipowaua watu kwa mamilioni, hakuridhika kuiandika tu. Mwaka 1946 aliiongoza mwenyewe picha ya Dharti Ke Lal juu ya wakulima walioangamizwa na njaa hiyo. Mwaka huo huo Neecha Nagar, picha aliyoshiriki kuiandika, juu ya tajiri anayewaelekezea maskini maji machafu, ilikuwa miongoni mwa zilizopewa tuzo kuu huko Cannes, Ufaransa.

Ndipo mwaka 1951 ikatoka Awaara, aliyoiandika pamoja na V. P. Sathe, ikaongozwa na Raj Kapoor. Yupo hakimu aaminiye kwamba mwana wa mhalifu ni mhalifu tu. Hakimu huyo amfukuza mkewe mja mzito kwa shaka, na mwanawe akulia katika vibanda vya maskini, akafunzwa wizi. Mwisho kijana asimama kizimbani, na baba yake yumo katika mahakama hiyo hiyo. Damu ya hakimu haikumkinga. Malezi ya njaa ndiyo yaliyomfanya mwizi. Picha hiyo ilipendwa mno katika Urusi ya Kisovieti, na Unguja na Dar es Salaam watu walijaa kuitazama, hata wasiojua neno moja la Kihindi. Jambo lenyewe walilijua.

Picha alizowaandikia wengine ziliwatajirisha. Zake mwenyewe aghalabu hazikumletea faida. Hata hivyo hakuziacha. Shehar Aur Sapna ya mwaka 1963, juu ya mume na mke wakaao ndani ya bomba la maji machafu kwa kukosa nyumba, ilipata tuzo ya taifa ya picha bora. Wakaguzi walipomzuilia picha fupi iliyoonyesha utajiri na ufukara wa miji minne, aliipeleka kesi katika Mahakama Kuu Kabisa ya India. Mwaka 1970 mahakama iliamua kwamba serikali yaweza kuzikagua picha kabla hazijaonyeshwa, lakini ikataka kanuni zake ziwe wazi.

Abbas alifariki dunia tarehe 1 Juni 1987. Swali lake halikufa naye. Kila mara kijana wa mtaa duni anaposhikwa, sisi tulio nje ya kizimba twauliza upesi yeye ni mtoto wa nani. Yafaa tuulize kwanza nani aliyemlea, na sisi tulikuwa wapi.