Harry Anderson (mchoraji)

Joseph Harry Anderson (11 Agosti 1906 – 19 Novemba 1996) alikuwa mchoraji kutoka nchini Marekani. Alianza kujulikana kwa picha za hadithi na matangazo ya biashara katika majarida makubwa ya nchi yake, kisha akawa mmoja wa wachoraji wa picha za Kikristo walioenea zaidi katika karne ya 20. Alikuwa muumini wa Kanisa la Waadventista Wasabato, lakini picha zake nyingi zinazojulikana leo alizichora kwa ajili ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni), ambalo hakujiunga nalo kamwe.

Maisha ya awali

Anderson alizaliwa mjini Chicago, jimbo la Illinois, katika familia yenye asili ya Uswidi. Hakukusudia kuwa mchoraji. Mwaka 1925 aliingia Chuo Kikuu cha Illinois kusoma hisabati, na huko akachukua somo la uchoraji kama nyongeza tu. Somo hilo la nyongeza ndilo lililobadilisha njia yake. Mwaka 1927 aliacha hisabati akahamia Syracuse, jimbo la New York, kusomea sanaa. Miongoni mwa wanafunzi wenzake alikuwemo Tom Lovell, ambaye naye alikuja kuwa mchoraji maarufu wa majarida.

Alimaliza masomo mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati mbaya sana kwa mtu wa sanaa kutafuta kazi. Mdororo Mkuu wa uchumi ulikuwa umeanza mwaka 1929 na wateja wa picha walikuwa wachache. Alijaribu bahati yake mjini New York, kisha akarudi Chicago.

Mchoraji wa majarida

Siku hizo, kabla ya televisheni kuenea, majarida ya Marekani yalikuwa burudani ya familia nzima. The Saturday Evening Post peke yake lilikuwa likiuza nakala takriban milioni tatu kila wiki. Kila toleo lilibeba hadithi fupi, na kila hadithi ilihitaji picha ya kumvuta msomaji. Picha za kamera za rangi zilikuwa bado ghali na ngumu kuchapa, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa ya wachoraji, na waliokuwa hodari walilipwa vizuri.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 Anderson alikuwa mmoja wa hao. Picha zake zilitokea katika Collier's, Cosmopolitan, Good Housekeeping, Ladies' Home Journal, Redbook, Woman's Home Companion na The Saturday Evening Post. Alichora pia matangazo ya kampuni kubwa, Coca-Cola ikiwemo. Mara nyingi alichora mambo ya kawaida ya nyumbani: vijana wanaopendana, mama na mtoto, mwanga wa jua ukipita dirishani.

Jambo moja lilimtofautisha na wenzake wengi. Mwili wake haukuvumilia tapentaini, ambayo wachoraji huitumia kuyeyushia rangi za mafuta. Kwa sababu hiyo alizoea kutumia rangi za kuchanganya na maji. Rangi hizi hukauka upesi na hazimpi mchoraji nafasi ya kusitasita. Anderson alizimudu kiasi kwamba mtazamaji asiyeambiwa angeweza kudhani picha zake ni za mafuta.

Mwaka 1940 alimwoa Ruth Huebel, ambaye pia aliwahi kuwa mwanamitindo wake.

Kujiunga na Waadventista

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1940 Anderson na mkewe walijiunga na Kanisa la Waadventista Wasabato, linalofahamika kwa kuitunza Jumamosi kama siku ya ibada na kwa kukataza pombe na tumbaku. Muda si mrefu Review and Herald, shirika la uchapishaji la kanisa hilo lililokuwa karibu na Washington, D.C., lilimwomba achore picha za vitabu vyake. Malipo yalikuwa madogo sana yakilinganishwa na yale aliyoyazoea kwenye majarida. Alikubali, akahamia huko na familia yake.

Mwaka 1945 alichora picha ambayo jina lake kwa Kiswahili ni "Mkono wako umepatwa na nini?" Inamwonyesha Yesu ameketi bustanini pamoja na watoto waliovaa nguo za Kimarekani za wakati huo. Msichana mdogo aliye mapajani pake anautazama mkono wenye kovu la msumari na kuuliza.

Leo picha kama hiyo haimshangazi mtu, lakini wakati ule ilizua ubishi. Kwa desturi Yesu alichorwa katika Palestina ya kale, kati ya watu waliovaa kanzu. Kumweka kati ya watoto wa siku hizi kulionekana na baadhi ya watu kuwa ni kumkosea heshima, hata kukufuru. Kwa upande mwingine, wazazi na walimu wa Shule ya Sabato waliipenda kwa sababu hiyohiyo, na ikawa picha yake inayopendwa zaidi na Waadventista. Ni rahisi kuona ilikotoka: ni mtindo uleule wa picha za hadithi za majarida, wenye tukio moja linaloeleweka bila maelezo, ila mhusika mkuu amebadilika.

Anderson aliendelea kumchora Yesu katika dunia ya leo. Katika "Mfalme wa Amani" Yesu anaonekana mkubwa kama jengo, akibisha hodi kwenye makao makuu ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Alichora pia kwa ajili ya mfululizo wa hadithi za Biblia wa Arthur S. Maxwell wenye juzuu 10, uliotolewa katika miaka ya 1950. Vitabu vya namna hiyo viliuzwa nyumba kwa nyumba na wainjilisti wa vitabu katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki, na wasomaji wengi walizijua picha bila kumjua mchoraji.

Kama wachoraji wengi wa Marekani wa kizazi chake, alimchora Yesu kwa sura ya Kizungu, mwenye nywele ndefu za kahawia.

Hakuacha kabisa kazi za biashara. Katika miaka ya 1950 aliishi Ridgefield, jimbo la Connecticut, na baadaye alichora kwa ajili ya kampuni ya mafuta ya Humble (iliyokuja kuitwa Exxon) mfululizo wa picha za siku za mwanzo za magari Marekani.

Kazi kwa Wamormoni

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamormoni walikuwa wakiandaa banda lao katika Maonyesho ya Dunia ya New York ya mwaka 1964. Walihitaji picha kubwa ya Yesu akiwaweka wakfu mitume 12, na Anderson ndiye aliyepewa kazi hiyo. Safari hii alitumia rangi za mafuta, zilezile alizozikwepa muda mrefu. Picha iliwapendeza, wakamwagiza nyingine. Katika muda wa miaka kama kumi aliwachorea zaidi ya picha 20, zikiwemo ubatizo wa Yesu, kuitwa kwa wavuvi, kuingia Yerusalemu, kusulubiwa, Mariamu Magdalena kaburini na kurudi kwa Yesu. Baadhi zilinakiliwa kwa ukubwa na mchoraji Grant Romney Clawson kwenye kuta za kituo cha wageni karibu na hekalu la Salt Lake City.

Makubaliano hayo yalikuwa na mpaka. Anderson alichora yaliyomo katika Biblia, ambayo makanisa yote mawili huyakubali. Alipoombwa kuchora mambo yanayohusu imani ya Wamormoni peke yao alikataa, ingawa walikuwa wateja wake wakubwa. Nao hawakuacha kumpa kazi kwa sababu hiyo. Matokeo yake ni kwamba picha ambazo Wamormoni wa nchi nyingi wamezizoea katika majengo na vitabu vyao zilichorwa na Msabato.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1976 kilitoka kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na Raymond H. Woolsey pamoja na Ruth Anderson. Mwaka 1994 Chama cha Wachoraji wa Vitabu na Majarida cha New York kilimweka kwenye orodha yake ya heshima. Alifariki miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 90.