Isidore Bakanja, Msaidizi wa Fundi Mwashi

Ndugu wakimbizi, Bakanja wa Kongo hakuwa padri. Alikuwa msaidizi wa fundi mwashi huko Mbandaka, akabatizwa mwaka 1906, akavaa skapulari, kitambaa kidogo cha Bikira Maria. Baadaye alikuwa boi wa Mzungu mmoja wa kampuni ya mpira huko Ikili, na baada ya kazi aliwafundisha wenzake sala. Msimamizi akamwamuru avue skapulari. Akakataa.

Mwaka 1909 alichapwa kiboko chenye misumari, mgongo ukaoza. Waliomchapa walikuwa watumishi wenzake, kwa kuamriwa. Hili nalo tulikumbuke. Mapadri walipomhimiza asamehe, aliwajibu kwamba ameshasamehe, na kwamba akifika mbinguni atamwombea yule msimamizi. Alifariki Agosti mwaka huohuo, skapulari ikiwa shingoni.